Umoja wa Mafuta

Muuguzi wa wodi ya wazazi aliomba nyuzi za kushonea, pakiti tatu, na Mama Stoo akabonyeza herufi N.

Skrini ikamletea nailoni, nambari za vitanda, ndoo na nguo za upasuaji. Akashuka mpaka mwisho wa orodha, akapanda tena taratibu, akifuata kila mstari kwa kidole kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Nyuzi hazikuwepo. Akajaribu K, kwa sababu ni za kushonea, akapata kalamu na karatasi. Akarudi N. Labda alizipita.

Nyuzi zenyewe zilikuwa nyuma yake, rafu ya pili, urefu wa mkono kutoka kwenye stuli. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akizichukua bila hata kugeuza shingo. Lakini tangu kompyuta ije, sheria ilikuwa moja: kitu hakitoki stoo mpaka kichaguliwe kwenye menyu.

"Mama," muuguzi alisema kwa sauti ya chini dirishani, "kuna mtu juu ya meza."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. Ilipotimia dakika ya kumi na moja Mama Stoo alisimama, akachukua pakiti tatu kwa mkono wake, akampa. Muuguzi akaondoka mbio. Mama aliyekuwa mezani alishonwa, akapona, akaenda nyumbani na mtoto wake. Mama Stoo alipata barua ya onyo.

Msimamizi aliileta mwenyewe, akaisoma kwa sauti mbele ya foleni ya dirishani, kwa kuwa, alisema, alitaka ieleweke. Kutoa vifaa nje ya mfumo ni kosa. Ijumaa ya wiki iliyofuata watumishi wa stoo wangepimwa: vitu ishirini, dakika kumi na tano, na asiyefikisha kumi na saba angehamishiwa chumba cha dobi. Mama Stoo alibakiza miaka minne kustaafu. Alisema ahsante, maana ndivyo alivyolelewa, kisha akaikunja barua mara nne mpaka ikawa ndogo kama kiberiti.

Watu wa hospitali walikuwa wamemwita Mama Stoo kwa muda mrefu hata watumishi wapya walidhani ndilo jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake.

*

Nyumbani walikuwa watatu. Mumewe alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu, na kwa sababu alizungumza na watu wote kana kwamba wamecheza rafu, mtaa mzima ulimwita Refa. Mama yake Refa, mjane wa miaka themanini na kitu, aliitwa Bibi na kila mtu, hata na mkwewe, kwa jinsi wajukuu walivyowazoesha kabla hawajakua na kutawanyika. Bibi hakujua kusoma. Alikuwa na masikio, na aliyatumia.

Jioni kabla ya kula, Bibi ndiye aliyeomba. Aliomba kwa mpangilio usiobadilika: alishukuru kwa siku, akataja wagonjwa, akataja wajukuu kwa umri, na mwisho akasema, "Na makosa yetu ya leo, Mola, uyafute." Jioni ile Mama Stoo hakuitikia amina. Alikuwa akilia, kwa utulivu, machozi yakidondokea sahani.

Barua ikafunguliwa mara zake nne. Refa aliisoma, akaisoma tena, akauliza hiyo menyu ni kitu gani. Bibi naye akataka kujua kama siku hizi stoo inauza chakula. Mama Stoo akawaeleza kwamba ni orodha ya ndani ya kompyuta. Unabonyeza herufi, vitu vya herufi hiyo vinajipanga, unachagua unachotaka kinaingia kwenye kapu. Mtaalamu aliyeitengeneza aliwafundisha kwa nusu siku tu, akasema ni rahisi, kwa sababu kila mtu anajua a, be, che.

"Basi najua kuwa mimi ni mjinga," alisema. "A, be, che naijua, na vitu navijua, na bado sivipati."

Refa akainuka, akaenda chumbani, akarudi na saa yake ya kupimia mbio, bado ina kamba ya kuvaa shingoni. Alisema kwamba hajawahi kuona mjinga. Alichowahi kuona ni mtu asiyefanya mazoezi.

*

Alianzia jikoni. Siku iliyofuata Mama Stoo aliporudi kazini alikuta kabati lote limebandikwa karatasi. Refa alikuwa ameandika jina la kila kitu kama menyu ya hospitali inavyoandika, akifuata karatasi za mafunzo za mkewe, akapanga vyombo na vyakula kwa herufi. Kwenye U kulikuwa na ufagio, uma, unga na upawa, vyote vimeegemeana. Kwenye S, sabuni ilikaa ubavuni mwa sukari. Penye kimiminika alibandika jina la chombo, kwa hiyo maji yaliitwa jagi na mafuta ya kupikia yakaitwa chupa.

"Aliyeweka sabuni na sukari pamoja kwa kuwa zinaanza sawa," Bibi alisema siku ya pili, akiitazama chai yake, "huyo hajawahi kunywa chai."

Refa alisema hayo ni mambo ya mfumo, mchezaji hachagui uwanja. Alikaa mezani na daftari, akataja kitu, akabonyeza saa. Mama Stoo alitafuta herufi, akafungua mlango wa kabati, akachukua. Jikoni kulipozoeleka, Refa akahamia vitu vya stoo: alivinakili kutoka karatasi hizohizo kwenye vikaratasi, akavipanga kwenye sanduku la viatu, naye akawa wodi na mkewe dirisha. Kila jibu aliliandikia sekunde zake. Mito, sekunde tano. Ndoo, nne. Nyembe, sekunde arobaini na moja, akatoa nembo. Mashuka, thelathini na sita. Mikasi, sita. Visu, alikata tamaa.

Siku ya nne walikuwa wamejaza kurasa kumi na moja na Mama Stoo alikuwa hajapungua hata sekunde moja. Refa alianza kupaza sauti. Alisema hamwelewi mtu anayepata mito kwa sekunde tano halafu mashuka yanamshinda, na vyote vinalala kitanda kimoja. Mama Stoo akamwambia asimfokee kama mtoto wa mbio za gunia. Ni Bibi aliyewakatiza, akiwa ameinamia ungo wake wa mchele, akitoa mawe.

"Hicho chombo chenu ni kichoyo," alisema.

Wakamtazama.

"Nyinyi mnaita vitu vingi, chenyewe kinatoa kimoja kimoja. Refa anasema nyembe, mwenzake anahangaika, mwishoni unasikia, 'Kumbe wembe.' Anasema mashuka, 'Kumbe shuka.' Kila siku kumbe, kumbe. Mtu akija dukani anaomba nyembe. Nani anaomba wembe mmoja? Labda mwenye ndevu moja."

Refa alifungua daftari upya, akapitisha kidole kwenye safu ya sekunde. Mto na mito, zote M, sekunde tano. Mkasi na mikasi, M, sekunde sita. Ndoo ni ndoo, ziwe mbili ziwe mia. Lakini uzi umelala U na nyuzi zinatafutwa N. Kisu K, visu V. Shuka S, mashuka M. Kurasa kumi na moja zilikuwa zikisema jambo moja, naye, mwalimu wa watu, alikuwa akizisoma kama matokeo ya mbio.

"Mke wangu," alisema polepole, "si wewe unayechelewa. Ni herufi ndiyo inayohama."

Mama Stoo alikaa kwenye kiti. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumwomba uzi. Wodi huomba nyuzi. Kichwa chake kilikuwa kimejengwa kwa wingi, na mtu aliyeandika menyu, akiwa peke yake ofisini, aliandika umoja.

*

Kuanzia hapo nyumba ile iligeuka darasa la chekechea. Refa alitupa swali popote. "Umoja wa nyembe?" "Wembe." "Umoja wa mabeseni?" "Beseni." "Umoja wa vikombe?" "Kikombe, na chako kioshe." Alimuuliza akivaa viatu, akamwuliza akianua nguo. Bibi naye hakukubali kuachwa. Aliuliza umoja wa Bibi, Refa akamjibu kwamba huyo yuko mmoja tu, Mungu ashukuriwe, na Bibi akamrushia punje za mchele.

Mama Stoo alijifunza kama anayekariri sala: akisikia neno, kwanza alilivua lile vazi la mbele, ndipo akabonyeza. Ma akaitoa. Vi akaigeuza ki. Alhamisi jioni alipata vitu ishirini kwa dakika tisa. Refa aliiandika ile tisa kubwa, akaizungushia duara. Siku hiyo Mama Stoo aliitikia amina kwa sauti iliyosikika kwa jirani.

*

Chumba cha mtihani kilikuwa na kompyuta tano na feni inayolia. Mtaalamu alikuwepo, kijana mrefu mwenye miwani, aliyemwamkia shikamoo kwa heshima na kumsogezea kiti. Msimamizi aligawa karatasi. Majina ya vitu yalikuwa yametolewa kwenye fomu halisi za wodi, kwa hiyo yote yalikuwa kwa wingi, na Mama Stoo alipoona hivyo alitabasamu, akafumba macho kidogo, midomo ikacheza, akaanza.

Mashuka. Shuka, S. Nyuzi. Uzi, U. Vikaingia kapuni kimoja baada ya kingine. Alimpita karani wa zamu ya pili, akampita yule wa stoo ya dawa. Alipofika cha kumi na nane zilikuwa zimebaki dakika tano nzima.

Cha kumi na tisa kilikuwa mafuta ya watoto.

Alifanya alichojifunza. Mafuta. Toa ma. Futa. Hakusita, kwa sababu alikuwa amefundishwa asisite. Akabonyeza F, orodha ikajipanga: fomu, foronya, funga, fungua, futa. Ilikuwepo. Alishukuru moyoni, akabonyeza.

Kapu likawa tupu.

Alidhani skrini imechoka. Alisubiri. Akaangalia karatasi, akaangalia skrini, akaweka kiganja kifuani. Mtaalamu alikuwa amemwona tangu mbali, akaja akainama.

"Mama, mbona umebonyeza Futa? Umefuta kazi yako yote."

"Nilikuwa natafuta mafuta, mwanangu."

Kijana alicheka. Alicheka peke yake, na kicheko kikaishia katikati, kwa sababu uso wa yule mama haukuwa uso wa mtu aliyesema mzaha. Mama Stoo akamweleza, kwa sauti ndogo, sababu ya kutoa ma, na jinsi mumewe alivyompima, na kwamba nyumbani mafuta yaliitwa chupa ndiyo maana hakuwahi kuyafanyia mazoezi. Akafungua mkoba akatoa daftari kama mtu anayetoa cheti cha daktari.

Muda ukaisha. Msimamizi alipita akiandika alama. Mtaalamu alimwambia kwamba huyu alikuwa na kumi na nane, ameziona kwa macho yake. Msimamizi akajibu kwamba yeye anaona kapu, na kapu tupu ni sifuri. Mama Stoo hakubisha. Aliuliza tu kama aanze dobi Jumatatu au leo hii.

"Mama," Mtaalamu alisema akiwa bado ameshika daftari, "naweza kukaa nalo siku mbili tatu?"

*

Jumatatu, kwenye chumba cha dobi kulikuwa na mvuke na wanawake watano waliomkaribisha vizuri, na hapakuwa na dirisha la watu. Alikunja mashuka. Alipopokea rundo la kwanza alijikuta anasema kimoyomoyo, shuka, S, akajicheka. Mchana aliona muuguzi wa wodi ya wazazi akipita nje akikimbia kuelekea stoo, na miguu yake mwenyewe ikataka kuinuka.

Jumamosi ya wiki hiyo, alasiri, Mtaalamu alibisha hodi nyumbani. Alikuja kurudisha daftari, alisema, na alikuwa na maswali. Refa alimpokea kama mchezaji wa timu pinzani. Bibi alimtazama kuanzia miwani mpaka viatu, akamwuliza kama ndiye aliyeweka sabuni na sukari pamoja. Kijana hakuelewa.

"Utaelewa," Bibi alisema. "Tuandalie chai. Maji yapo motoni, vikombe vimo kabatini, na kila mlango una herufi. A, be, che unaijua."

Refa akabonyeza saa.

Mtaalamu alisimama mbele ya kabati la Mama Stoo. Akasoma herufi za milango. Akafungua V. Ndani mlikuwa na viazi, ambavyo Refa alivisahau humo tangu siku ya kwanza. Akafunga. Akafungua G, labda glasi, akakuta gunzi la kusugulia sufuria. Akarudi V, akachungulia nyuma ya viazi. Mama Stoo alitaka kumwambia, na Bibi akamshika mkono. Hatimaye kijana alisimama wima kabisa, akabaki anaitazama ile herufi K kama aliyeitwa kwa jina lake.

"Kikombe," alisema.

"Sekunde thelathini na nane," Refa alisema, akaandika. "Na wewe ndiye uliyejenga uwanja."

Chai ilinywewa, yenye harufu kidogo ya sabuni. Mtaalamu alisema ukweli wake bila kuzunguka. Aliandika ile orodha akiwa amekaa ofisini, kutoka kwenye kitabu cha wauzaji, na wauzaji huandika kitu kimoja ili waweke bei. Maagizo kama funga na futa aliyachanganya na vifaa kwa sababu kupanga vyote kwa herufi kulionekana ni haki. Watu walipokosea aliongeza siku za mafunzo. Alidhani watu ndio wanaohitaji kurekebishwa.

Kisha akamwuliza Mama Stoo swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza: kabla ya kompyuta, yeye alipanga vipi?

Mama Stoo alifikiri kwamba anatahiniwa tena. Alipoona kijana ametoa kalamu, akaanza kusema. Alisema herufi hazikuwahi kumsaidia. Alipanga kwa anayeomba na kwa haraka aliyo nayo. Vya wodi ya wazazi aliviweka karibu zaidi, nyuzi chini ya glavu, pamba juu yake, kwa sababu vinaombwa pamoja na vinaombwa na mtu anayekimbia. Vya usafi aliviweka mbali, mwenye ufagio ana nafasi ya kusubiri na kupiga soga. Alisema mengi, mikono yake ikipanga rafu hewani, na Refa, aliyelala na mwanamke huyu chumba kimoja miaka thelathini, alimsikiliza kama mgeni.

*

Menyu mpya ilichukua wiki tatu, na Msimamizi aliikubali shingo upande, kwa sababu Mtaalamu alimwonyesha hesabu ya dakika zilizopotea katika hospitali nzima na si dirisha moja tu. Sasa ukurasa wa kwanza ulikuwa na wodi. Ukigusa wodi ya wazazi, vilivyoombwa sana vinakaa juu. Ukiandika uzi au nyuzi, unafika mahali pamoja. Maagizo yalihamishiwa chini, peke yake, mbali na bidhaa. Na Futa, kabla haijafuta, inauliza: Una hakika?

Wote wakapimwa upya. Mama Stoo alipata kumi na tisa.

Jioni Refa alitaka kujua ni kipi kilichomponyoka.

"Kalamu."

"Kalamu haina wingi wa kukusumbua."

"Haina. Nilikuwa nimeishika, nikaona hiyo tayari ninayo."

Jumatatu alirudi kwenye stuli yake. Saa nne asubuhi muuguzi wa wodi ya wazazi alikuja mbio, akataja nyuzi, pakiti tatu, pumzi imemkata. Mama Stoo akagusa mara mbili, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuza shingo, akampa. Sekunde sita, kwa kukadiria, maana saa iko nyumbani. Muuguzi alikuwa ameshageuka. Ahsante yake ilisikika kwenye korido, nusu.

Jikoni karatasi zilibanduliwa zote isipokuwa moja, ile ya chupa ya mafuta. Hiyo Bibi alikataa iguswe, akaamuru iandikwe upya. Refa akaandika FUTA kwa herufi kubwa, akaibandika.

Na kabla ya kula Bibi aliomba kama kawaida. Alishukuru kwa siku, akataja wagonjwa, akataja wajukuu kwa umri. Alipofika mwisho alisema, "Na makosa yetu ya leo, Mola, uyafute," halafu akanyamaza kidogo, kama aliyekumbuka jambo. Mkwewe alifumbua jicho moja.

"Lakini Wewe usituulize kama tuna hakika," Bibi alisema. "Futa tu."

Amina yao ilichelewa, kwa kicheko, lakini ilifika.